Safu ya Tatu na Safu ya Kumi na Tisa

Mzee Mwandawiro alikuwa amefunga mkanda ndani ya ndege, safu ya kumi na tisa, karibu na choo, na mkewe Loise alikuwa safu ya tatu. Kati yao walikaa watu wapatao sitini, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba yule mama wa kitambaa cha bluu hakuwa na Kiswahili tena.

Kilikuwa kimemtoka kidogo kidogo. Yalianza kupotea majina ya vitu vya dukani, zikafuata salamu, mpaka daktari akaandika kwenye faili kwamba ubongo wake unachoka. Kilichobaki ni Kidawida, lugha aliyozaliwa nayo kule Ronge. Na hata kwa Kidawida, swali lilikuwa moja tu, kila baada ya dakika chache: Baba Danson yuko wapi? Akiuona uso wa mumewe, hutulia. Asipouona, huinuka kumtafuta. Mwezi wa pili alikutwa kwenye barabara ya Mwatate, miguu mitupu, malori yakimpigia honi.

Ndiyo maana walikuwa wakienda Kisumu kwa kijana wao Danson, ambaye mkewe ni muuguzi. Kwa basi ni siku nzima na usiku, na Loise asingeiweza. Ndege ya bei nafuu kutoka Mombasa haichukui hata saa mbili.

Kosa lilikuwa la mzee mwenyewe, naye alilijua. Mjukuu wake Abby ndiye aliyekata tiketi kwa simu, wakiwa wameketi nyumbani kwake Voi.

"Babu, wanauliza kama mnataka kuchagua viti. Ni mia saba kila mtu."

"Kwani usipochagua unasimama?"

"Husimami, wanakupa popote."

"Basi watupe popote."

"Babu, wanaweza kuwatenganisha."

"Nilitoa mahari mwaka wa sabini na nne, Abby. Ng'ombe, mbuzi na pombe ya miwa. Sitalipa mara ya pili ili niketi na nyanya yako."

Abby alicheka mpaka simu ikamponyoka. Mzee naye alijiona ameshinda. Mtu aliyepata cheti cha sekondari kwa masomo ya jioni, mchana akiwa karani wa maji, hawezi kuchezewa na orodha ya bei. Alikataa kulipia begi, akakataa kulipia chai, akakataa kulipia hata chupa ya maji.

Sasa koo lilikuwa limemkauka. Alimwita mhudumu, msichana mrefu ambaye kifuani palikuwa pameandikwa Carolyne.

"Binti yangu, mke wangu yuko kule mbele na ni mgonjwa. Naomba tukae pamoja."

Mwanamke aliyekaa kando ya mzee, kijana mwenye mfuko wa njugu, alidakia. "Mimi niko tayari kumpisha. Niende mbele, mama aje hapa."

"Mbele ni viti vya kulipia, dada," Carolyne alisema.

"Na yeye alilipa?"

"Yeye aliwekwa na mashine. Wewe ukienda, utakuwa umechagua." Akamgeukia mzee, na sauti yake ikawa ya chini. "Samahani, baba. Si mimi niliyetunga. Ni mia saba kwa kila anayehama, kwa simu tu, pesa taslimu hatupokei."

Mzee Mwandawiro hakubishana. Alitoa simu, akavaa miwani, akaanza kubonyeza. Akakosea namba ya siri. Akarudia. Mlango ulifungwa. Ndege ilianza kutembea, na maandishi yakatokea kwenye kioo cha simu: ombi lako halikufaulu, jaribu tena baadaye.

"Zima simu, baba. Tukishapaa na taa ya mkanda ikizimika, nitakuja tuone."

Taa ya mkanda haikuzimika. Ndege iliinua pua, ikaingia mawinguni, ikaanza kutikisika kama gari kwenye barabara mbovu. Mzee aliinyoosha shingo, macho kwenye kile kitambaa cha bluu. Kilikuwa kimetulia. Alihesabu pumzi zake. Kisha kitambaa kiligeuka kushoto, kikageuka kulia, kikainuka.

Loise alikuwa amefungua mkanda. Alikuwa akipanda juu ya magoti ya jirani yake ili atoke.

"Mama, keti chini! Keti!" Carolyne alipaza sauti kutoka kwenye kiti chake, naye akiwa amefunga mkanda. Loise hakumwelewa. Ndege ilishtuka, akashika kichwa cha mtu, akasimama katikati ya njia akiyumba.

Mzee alifungua mkanda wake, lakini mwanamke wa njugu akamshika koti. "Utaanguka, mzee!"

Hapo ndipo alipoona. Ndege ilikuwa ikipanda, na njia yote ilikuwa mteremko. Mkewe alikuwa juu, yeye chini. Ndivyo walivyolima maisha yao yote kule Ronge, kila mtu kwenye tuta lake, wakizungumza kwa kuitana kutoka juu hadi bondeni. Mzee Mwandawiro, ambaye hata kanisani hukohoa kwenye leso asisikike, alijaza kifua hewa.

"Mama Danson! Eee, Mama Danson!" aliita kwa Kidawida. "Niko huku chini!"

Watu sitini waliruka. Mtoto alianza kulia. Loise aligeuka, akauweka mkono juu ya macho kama anayejikinga na jua.

"Huko chini wapi?"

"Kwenye mahindi! Kaa hapo hapo, nakuja!"

Alikaa. Jirani yake, Mulinge, mfanyabiashara wa vipuri aliyelipia safu ya mbele kwa sababu ya goti lililopasuliwa, alimfunga mkanda kwa mikono yake. "Mzee!" aliita kwa Kiswahili. "Mwambie asinikanyage hili goti tena, nitakufa!"

Watu walicheka, ila mzee hakucheka. Alijua ana dakika chache tu. Na kweli, sauti ilirudi: uko wapi? Akajibu. Ikarudi tena. Mmoja aliyekielewa Kidawida akauliza kama yale mahindi yanauzwa, mwingine akalalamika kwamba amelipa nauli apumzike.

Waliitana hivyo safari nzima, taa ya mkanda ikiendelea kuwaka, mpaka sauti ya mzee ikakwaruza. Na kwa kuwa hakuwa na maji, ikafika mahali akaita na haikutoka.

Magurudumu yaligusa chini. Abiria wote walisimama kwa pamoja na kuivuta mizigo yao, kile kitambaa kikapotea. Mzee alijipenyeza kwa viwiko, akiomba radhi kwa mnong'ono usiosikika. Alipofika safu ya tatu, viti vyote viwili vilikuwa vitupu.

Alishuka ngazi bila kuishika reli, huku akiyaona malori ya Mwatate.

Loise alikuwa amesimama chini, kando ya bawa, mkono wake ndani ya mkono wa Mulinge, ambaye alikuwa akichechemea na kumsemesha Kikamba, na yeye akimjibu Kidawida. Alipomwona mumewe, uso ulimkunjika.

"Wewe, Baba Danson. Tangu lini unapiga kelele mbele za watu?"

Mzee Mwandawiro alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Alimshika mkono ule mwingine, kwa nguvu kuliko ilivyofaa.

"Usirudie," Loise alisema.

Alitikisa kichwa kukubali.