Meza Iliyomngoja Padri

Temeke haijasahau mwaka ule makuli wa bandari walipogoma. Waingereza walikuwa wameshinda vita vyao kwa migongo yetu, kisha wakaitaka migongo ile ile ibebe magunia kwa ujira wa kununulia chumvi. Nikodemu, kuli Mmakua wa Lukuledi, hakuwa mtu wa maneno. Lakini siku ya kuapa, Waislamu waliposhika Msahafu, yeye alivua rozari shingoni, akaushika msalaba wake, akaapa mbele ya Mungu kwamba hatagusa mzigo mpaka wote warudi kazini pamoja.

Siku hiyo mkewe, Yuliana, alikuwa mzima. Wiki haikwisha, homa ikamwangusha. Hospitali ya weusi ikamrudisha nyumbani na dawa ya maji kwenye chupa. Yaliyobaki yalisemwa na macho ya dresa, yule msaidizi wa daktari. Yuliana hakuuliza dawa tena. Aliomba kitu kimoja tu: Padri aje ampake mafuta matakatifu, asiende mbele ya Bwana wake kama mtu aliyeingilia uani.

Nikodemu akatandika meza kama walivyofundishwa misheni: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, bakuli la maji. Akapeleka habari kwa Padri.

Aliyekuja ni Benedikto, katekista, peke yake. Hakuketi. Alieleza kwa kuzungukazunguka kwamba meli imeleta kengele na vioo vya kanisa, na genge la Nikodemu ndilo linalojua kushusha mzigo wa namna hiyo. Padri anaona mgomo ni uasi, na mwasi haletewi sakramenti nyumbani. Lakini Nikodemu akishusha mzigo wa Mungu, huo tu, basi.

"Padri atakuja jioni hii hii, ndugu yangu. Mie nimetumwa tu."

Mwishehe, jirani na kuli mwenzake, alikuwa barazani. Akasema hakujua kwamba Mungu naye ana shehena bandarini. Benedikto hakucheka.

Nikodemu akapiga magoti kando ya kitanda, akaomba aonyeshwe njia. Siku zote akiomba hupata walau utulivu kidogo moyoni. Safari hii hakupata kitu. Akamweleza mkewe yote, naye akasikiliza macho kayafumba.

"Uliapa kwa jina la nani?"

"La Mungu."

"Basi wamwuliza nini mgonjwa?"

Benedikto akaenda zake na jibu la hapana. Kesho yake Serikali ikapeleka wafungwa bandarini, wakashusha kengele na vioo vyote. Nikodemu aliposikia alifurahi, maskini: Padri keshapata vyake, hana neno nasi tena. Akawasha mshumaa. Ulipopungua akauzima kuuwekea akiba, akauwasha tena. Padri hakuja.

Alasiri pumzi za Yuliana zikaanza kukatika. Nikodemu alisali sala za kufa alizozikumbuka, na palipompotea alirudia Baba Yetu. Mwishehe aliushika mshumaa, akaukinga kwa kiganja, maana upepo ulipenya ukutani.

Kukasikika mlio wa shaba njiani. Padri alipobeba sakramenti kwa wagonjwa, kengele ndogo ilimtangulia. Yuliana akafumbua macho.

"Kafika?"

Nikodemu alichungulia mlangoni. Angeweza kusema ndiyo, na nani angemlaumu? Ulimi ulioapa ukakataa.

"Ni muuza kahawa, mama. Anagonga vikombe vyake."

Yuliana akageuza uso kumtazama Mwishehe.

"Basi mwiteni," alisema. "Mwishehe hajatia kitu kinywani tangu asubuhi."

Mwishehe alikunywa kahawa ile amesimama, mshumaa mkono wa pili. Alipokirudisha kikombe, Nikodemu alikuwa akimfumba mkewe macho. Maji ya Padri yalikuwa bado bakulini.