Anwani Nilizojifanya Sizijui

Mto ulianza kupanda mlima Jumatatu asubuhi. Kwenye skrini, bila shaka. Nje kulikuwa kukavu. Programu yetu hukadiria mafuriko, na kazi yake imegawanywa kwa kompyuta sitini na nne, kila moja na kumbukumbu yake, zikipashana habari kwa ujumbe: kina cha maji, kasi, mvua. Tulikuwa tumehamia mashine mpya, na ghafla zikawa zinatumiana upuuzi mtupu.

Kosa nililiona chai ikiwa bado ya moto. Namba hizo tatu hukaa mahali tofauti kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kabla ya kuzifunga katika ujumbe mmoja, programu huuliza kwanza anwani ya kila moja. Mwenzetu tuliyemwita Mrefu, aliyeandika sehemu hiyo, alizihifadhi anwani kwenye nafasi ndogo. Mashine za zamani zilikuwa na anwani fupi, zikaenea. Hizi mpya zina anwani ndefu, nazo zilikatwa kichwa, programu ikawa inabisha hodi kwenye nyumba za watu. Ni mistari mitatu tu ya kubadilisha.

Sikuibadilisha. Nilimwambia bosi kwamba kazi ni ya Mrefu na lazima aulizwe mwenyewe. Bosi akasema ripoti inatakiwa Ijumaa.

Ukweli ni kwamba Mrefu aliondoka miaka miwili iliyopita, akaenda kufanya kazi nzuri mbali, baada ya miaka mitano ya kukaa nami meza moja. Aliniuliza kama aende. Kwa kiburi changu nikamwambia nenda, unangoja nini. Tangu siku hiyo namkumbuka mpaka naumia, na sikuwahi kumwandikia, kwa kuwa sikuwa na neno ambalo lingeniachia heshima yangu. Sasa nilikuwa nalo.

Nikaandika barua pepe kavu, nikiomba ufafanuzi kuhusu anwani. Nilipomsomea mdogo wangu nyumbani, alicheka mpaka akakaa chini. Alisema barua za mapenzi ameziona nyingi, ila yenye namba za mistari ndiyo hii ya kwanza.

Jumanne kimya. Jumatano kimya. Alhamisi mchana bosi alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, nikaona aibu. Nikabadilisha ile mistari mitatu, na mto ukashuka bondeni.

Jibu lilinikuta nafunga begi.

"Mwalimu, hilo la nafasi ndogo ulinifundisha wewe, wiki yangu ya kwanza. Ulinikanya nisithubutu, nami nikathubutu. Lakini wewe huwezi kuwa hulijui. Hebu niambie, ulitaka kuniuliza nini?"

Nikakaa tena. Niliandika "Asante kwa jibu lako," nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Kisha nikaandika:

"Siku ile uliponiuliza kama uende, nilitaka kusema usiende."

Nikatuma, begi likiwa bado mapajani.