Macho Yamefunguka, Mwenyewe Bado

Kulikuwa na fundi vigae ambaye mtaa mzima ulimwita Redio, maana mdomo wake haukujua likizo. Alipoteleza kwenye ngazi kazini, akagonga kichwa na kulazwa bila fahamu, ukimya wake ulimwelemea mkewe kuliko hata bandeji alizofungwa kichwani.

Mkewe alikuwa msusi. Kila akifunga saluni alikwenda kukaa naye. Jioni moja akamkuta kafumbua macho. Alipiga kigelegele, wodi nzima ikageuka. Lakini mumewe aliukodolea macho ukuta tu, hakumwona.

"Daktari, mbona ameamka halafu hanijui?"

Daktari, mama mtu mzima asiye na papara, akavuta kiti. "Kuamka na kujitambua ni mambo mawili, mwanangu. Huku chini, ubongo unapokutana na uti wa mgongo, kuna shina lake. Hilo ndilo linalomwamsha mtu, na limeshapata nguvu. Kutambua kunahitaji tabaka la juu, na katikati kuna sehemu ya kupitishia habari. Hizo bado hazijashikana vizuri."

"Zitashikana?"

"Siwezi kuahidi. Ila tumepata pa kuanzia. Una kioo?"

Msusi akose kioo! Akakitoa mkobani. Daktari akakisogeza taratibu mbele ya uso wa mgonjwa, kulia, kisha kushoto. Macho yakafuata. Akarudia, yakafuata tena.

"Hapo kuna mtu," daktari akasema, akitabasamu. "Wengi huanza kwa kufuata sura yao wenyewe."

Msusi akaangua kilio. Wifi yake, dada wa mgonjwa aliyekuja naye jioni hiyo, akamfuta machozi kwa kanga. "Unalia nini, wifi? Kaka yangu kujipenda hakukuanza leo!" Wakacheka na machozi yao.

Tangu hapo Redio alirudi kidogo kidogo: leo kaminya kidole cha mkewe, kesho kageukia sauti ya dada yake. Asubuhi moja akajishika kichwa, upande ulionyolewa kwa ajili ya matibabu, akanong'ona, "Nani... kaniharibu hivi?"

"Si mimi, mume wangu! Mimi nina cheti!"

Siku aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mkewe alimkalisha uani akamnyoa kichwa chote, akipita kovu kwa uangalifu. Redio akaanza kusimulia habari za mgonjwa wa kitanda cha jirani, sentensi zikichechemea, kisha akanyamaza. Mkewe akainama haraka kumtazama. Alikuwa amesinzia, anakoroma. Msusi akaweka mashine chini, akakiegemeza kichwa kile tumboni mwake, wala hakuwa na haraka ya kumwamsha.