Mbae Akosa Kufukuzwa

Mbae alinyoa ndevu siku hiyo, kwa sababu mtu anayekwenda kutupwa nje mbele ya watu hapaswi kuonekana kama alistahili.

Mpango ulikuwa wake mwenyewe, kama mipango yote iliyowahi kuharibika Bulapesa. Ulikuwa mwaka wa unga wa njano wa msaada, mvua ilipoisahau Isiolo, na Jayanti mwenye duka alikuwa ameufunga kwa kufuli mfereji wa maji ya bomba nyuma ya duka lake. Akina mama walikuwa wakichota hapo tangu enzi za baba yake Jayanti, bila kumuuliza mtu. Sasa walishuka hadi mtoni na madebe, na mto wenyewe ulikuwa umebaki matope ya kugombania na punda. Ndipo Mbae, fundi wa koroboi, alipopanda juu ya kreti la soda sokoni akatangaza: mtu asinunue kwa Jayanti, hata kiberiti, mpaka kufuli litoke.

Mgomo ukafika mwezi mzima. Jayanti alipungua kidogo tu. Aliyekonda ni Mbae.

Shule alikuwa ameipitia kwa nje, akienda machungani. Elimu yake yote ilitoka kwenye magazeti ambayo Jayanti alifungia sukari. Aliyakung'uta, akayanyoosha gotini, akayasoma mpaka pale yalipochanika. Ndiyo maana hotuba zake zilianza kwa moto halafu zikakatika kama kamba mbovu: alijua vizuri sana jinsi migomo ya duniani ilivyoanza, hakujua hata mmoja ulivyoisha. Tangu agomee duka hakuwa amesoma neno. Alirudia hasira za mwaka jana, na watu wakaanza kupiga miayo mbele yake bila kuziba mdomo.

"Wewe umegomea darasa lako mwenyewe," Natabo alimwambia. Natabo alikuwa mjane Mturkana, muuza kuni, mwenye sauti ya kusikika hadi Ngaremara. "Na sisi bado tunaenda mtoni. Haya maneno yako haijawahi kujaza hata kikombe."

Hilo lilimchoma, na Mbae akichomwa hutoa mpango. Kila mwezi ulipojaa, nyumba ya Jayanti ilikuwa na ibada waliyoiita Punam. Mama yake, ajuza mdogo kama kifaranga, alifunga tangu asubuhi. Jioni alisoma hadithi za mungu wao, mlango ukiwa wazi, kisha wakala. Mbae angeingia katikati, bila kualikwa. Wangemshika mashati na kumtupa nje. Akina mama wangekuwa mlangoni wakishuhudia, hasira ingepanda, na kufuli lingevunjwa jioni hiyohiyo.

"Na wasipokufukuza?" aliuliza Habsa, mke wa dereva wa lori, jirani ya Natabo.

"Mimi nisifukuzwe? Mama, nimemtukana mwezi mzima, na jina la baba yake."

Mwezi ulipochomoza juu ya vilima vya Nyambene, mkubwa na mwekundu, Mbae aliingia kifua mbele. Akina mama walijipanga mlangoni na madebe yao matupu.

Jayanti alikuwa ameketi mkekani kando ya mama yake. Mbele yao palikuwa na picha ya mungu wao katikati ya majani ya mgomba, chungu cha shaba chenye maji na nazi juu yake, na sinia la mapochopocho. Aliinua macho.

"Karibu. Toa kiatu."

"Jayanti, nimekuja kukwambia mbele ya umma huu kwamba..."

"Sema baadaye. Mtu akiingia siku ya Punam hatoki bila kula. Iko mwiko. Mama atakasirika."

Ajuza alimtazama Mbae, akapiga mkeka kwa kiganja. Mbae akavua viatu. Mpango wake haukuwa umefikiria soksi. Kidole gumba cha kulia kilichungulia nje kama kimekuja kuabudu.

"Eh, wamemtupa kweli," alisema Natabo mlangoni. Wengine wakacheka.

Ajuza alisoma kwa Kigujarati, na Jayanti, kwa heshima ya mgeni, akafasiri kila kipande. Mbae alinuia kudakia neno lolote baya alifanye hotuba. Lakini chini ya sinia palikuwa pametandikwa gazeti. Gazeti zima, halijachanwa, na kichwa cha habari kilisema kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya mbali. Mwezi mzima bila herufi si mchezo. Aliinamisha shingo akaanza kulisoma kichwachini, mstari kwa mstari, mpaka mahali viongozi walipoitwa mezani. Hapo ndizi za kando ya sinia zilikuwa zimekalia mwisho wa habari.

Ndivyo alivyokosa kusikia Jayanti akisema kwamba hapo kale maskini mmoja, muuza kuni, alipita karibu na nyumba yenye ibada hii. Alikuwa na kiu. Akatua mzigo wake nje, akaingia kuomba maji.

"Alipewa?" aliuliza Natabo.

Mbae akainua kichwa. "Nani?"

Ajuza aliweka kidole kwenye mstari aliofikia, akamuuliza mwanawe kitu. Jayanti alijikuna shingo, akafasiri swali la mlangoni kwa sauti ya chini sana. Ajuza aliwatazama akina mama, akatazama madebe. Alifungua fundo la sari kiunoni, akatoa ufunguo, akauweka mkekani mbele ya Jayanti. Kidole chake cha mkono wa pili hakikuondoka kitabuni.

"Mama anasema alipewa," alisema Jayanti, akainuka na ufunguo. "Anasema hawezi kuendelea mbele kama bado hajapewa."

Nyuma ya duka maji yakaanza kugonga madebe. Hadithi ikaendelea. Ilipokwisha, ajuza alizungusha taa mbele ya ile picha, kisha akampelekea Mbae ili apitishe viganja juu ya mwali na kujipaka baraka usoni. Mbae akachukua sigara iliyokuwa sikioni, akaiwasha pale, akashukuru.

Walimpa suji, chenga za ngano zilizokaangwa kwa samli, sukari na ndizi. Aliitazama, akamtazama Natabo, aliyekuwa amesimama mlangoni na debe lililojaa kichwani.

"Kula, mzee. Mgomo umeisha," akasema Natabo.

"Mimi hicho cha ibada yao sili," alisema Habsa nyuma yake, naye kajitwika lake. "Lakini maji haina dini."

Mbae akala, akaongezwa. Kisha, kwa unyonge ambao hakuwahi kuuonyesha juu ya kreti, akaomba lile gazeti.

Alilikunjua nyumbani kwenye mwanga wa koroboi. Samli ya sinia ilikuwa imepenya palepale ndizi zilipokaa, maandishi ya nyuma yakajitokeza mbele, na wale wafanyakazi wa bandari wakapotelea ndani ya tangazo la sabuni.

Siku hizi haikosi Punam hata moja. Anasema anakwenda kukagua mfereji, na anavaa soksi nzima. Vijana wakimuuliza walivyoufungua, hueleza kwa moto namna mgomo ulivyoanza, halafu anakohoa na kuwatuma kwa muuza kuni.