Kamba ya Ng'ombe Asiyekuwepo

Siku Specioza aliponyang'anywa jembe hakuna aliyemtukana. Afadhali wangemtukana, maana matusi angeyajibu, tena mawili kwa moja. Walimnyang'anya kwa upole, kama mtu anavyomtoa mtoto kisu mkononi, na upole hauna jibu.

Ilikuwa mwezi wa pili, shambani kwa Ghati, hapo Nyarero. Wanawake kumi na mmoja walikuwa kwenye risaga, yaani kulimiana kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu, kila mtu na safu yake, wote wakisonga mbele kwa mstari mmoja. Specioza tangu ujana wake alipangwa mwisho wa kulia, mahali pa mtu mwenye mkono mwepesi, anayewavuta wenzake. Lakini mwaka ule alilima hatua sita akasimama, sita nyingine akakaa. Pumzi ilimtoka kama ya fundi anayefua chuma. Ghati, aliyekuwa kiongozi wao, akaacha kulima akaangalia nyuma.

"Specioza, mwenzangu," akasema, "mstari umepinda. Na pale ulipopindia upo wewe."

"Jua la leo kali."

"Jua linatuwakia wote." Ghati akamwendea, akauchukua mpini taratibu. "Nenda jikoni kwangu ukasonge ugali. Wewe mkono wako wa mwiko haujapungua."

Wanawake wakacheka kidogo. Specioza naye akacheka, kwa sababu asiyecheka ndiye anayeonekana ameumia. Akasonga ugali. Ila alijua sheria ya risaga vizuri kuliko wote: analimiwa anayelima. Mpishi hushukuriwa, hupewa maji ya kunawa mikono, na mwaka unaofuata huombwa atafute vibarua. Na kulima peke yake, kwa umri wa miaka hamsini na nane, huku wenzake wakiimba shamba la pili, hilo hakulitaka kabisa. Mwezi wa nane ardhi ingeanza kuandaliwa kwa mvua za vuli. Akajiapia kwamba mwezi wa nane safu yake itakuwa yake.

Akaenda zahanati. Nesi alikuwa binti mmoja wa kutoka Same, jina lake Tumsifu, mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyodanganyika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nimekuja unipe dawa ya pumzi."

Tumsifu akampandisha kwenye mizani. Sindano ikakimbia, ikasimama kwenye kilo mia moja na nne. Akampima presha, akamtoboa kidole, akapima sukari.

"Bibi, pumzi yako haina ugonjwa. Imebeba mzigo tu. Na sukari imeanza kuchungulia mlangoni, bado haijaingia. Tukiwahi, tutaifungia nje."

"Nipe kidonge tuifungie."

"Kidonge chako ni sahani. Nusu ya sahani iwe mboga za majani. Samaki au maharage, kidogo. Ugali usizidi ngumi moja. Chai bila sukari, soda mwachie mgeni, na mafuta usimimine, pima kwa kijiko. Halafu utembee kila siku nusu saa, mpaka jasho litoke."

Specioza akafikiri. "Ngumi ya nani?"

"Ngumi yako, bibi."

"Nilidhani naruhusiwa kuazima ya mzee."

Mzee mwenyewe, mumewe Waitara, alikuwa na ngumi kama kichwa cha mtoto, na habari ile haikumfurahisha. Jioni alitazama sahani ya mkewe, mboga ya mgagani imejaa kama kichaka na ugali umejificha pembeni, akasukuma kiti nyuma.

"Nilipokuoa ulikuwa mwembamba, ndugu zangu wakaniuliza kama nimeleta mke au fito ya kujengea. Nimekunenepesha miaka thelathini na tano. Leo nesi wa juzi anataka kunibomolea?"

"Habomoi, anapunguza ghorofa."

"Ukikonda watu watasema Waitara hana chakula."

"Watasema Waitara ana mke anayelima. Kula, ugali unapoa."

Kwa hiyo nyumbani alishika masharti. Ngumi moja, wala haikuvimba. Na kila siku saa kumi alasiri alijifunga kanga kiunoni akatoka kutembea, nusu saa kamili, wakati mwingine zaidi. Baada ya mwezi akarudi zahanati akiwa amevaa gauni lake jepesi ili asidhulumiwe na nguo. Sindano ikakimbia, ikapita mia moja na nne, ikatulia kwenye mia moja na sita.

Tumsifu akaigonga mizani kwa kidole. Haikubadili usemi.

"Bibi, umetembea?"

"Kila siku ya Mungu."

"Na chakula?"

"Nyumbani kwangu ngumi moja. Kamuulize mzee, analalamika mpaka leo."

"Nyumbani kwako," Tumsifu akarudia polepole. "Na huko unakotembea?"

Hapo Specioza akatazama dirishani. Maana Nyarero hakuna njia inayopita patupu. Nusu saa ya miguu ni miji minne, yaani boma nne za watu, na mji wa mtu huupiti kama unapita kichuguu. Unaingia, unasalimia, unawekewa kiti, na kabla kiti hakijapata joto umeshanawishwa mikono. Kwa Ghati kulikuwa na ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Kwa wakwe zake viazi vitamu na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mji wa tatu dagaa, wa nne uji wa kusukumia dagaa. Hakuwahi kuvihesabu vyakula vile, kwa sababu havikuwa vyake.

"Sasa ungekataa," Tumsifu akasema, akijitahidi asicheke.

"Mwanangu, wewe ni wa Same. Hapa ukikataa chakula cha mtu umemwambia ni mchawi, au mna ugomvi. Na ukipita bila kuingia, basi ugomvi unao tayari."

"Basi tafuta njia yako, bibi. Mimi mizani siwezi kuibembeleza."

Njia aliipata wiki ile ile, akiwa amekaa mlangoni anachambua mboga. Jirani mmoja alipita mbio akiwa na kamba mkononi, ndama wake amepotea. Kila mji aliopita watu walisimama, lakini hakuna aliyemwambia karibu kiti. Walimwambia, "Hatujamwona, wahi, wahi!" Specioza akaacha kuchambua. Ukuryani mtu anayefuata ng'ombe hakalishwi. Hata mgonjwa watamkalisha, hata askari, ila si mwenye kamba.

Kesho yake saa kumi alitoka na kamba.

"Specioza!" Ghati akaita kutoka uani. "Njoo, maziwa yameganda vizuri leo!"

Specioza akainua kamba juu. "Nafuata ng'ombe!"

"Uwii! Wa rangi gani?"

Hilo hakuwa amejiandaa nalo. "Mwekundu," akasema akiwa haachi kutembea. "Ana baka jeupe usoni."

"Wahi, mwenzangu, wahi! Pitia bondeni!"

Akapitia bondeni, kwa sababu ameshaambiwa. Na jambo moja alilolitambua siku ile ni kwamba ng'ombe hatafutwi kwa mwendo wa harusi. Ilibidi akaze miguu, apande vilima, achungulie vichakani, maana watu walikuwa wanamwangalia. Alirudi nyumbani kanga imelowa mgongoni, na tumboni hamna kitu zaidi ya maji.

Siku ya tatu wakamuuliza mbona Waitara hatafuti. Akajibu ni ng'ombe wake mwenyewe, aliyepewa na kaka yake, na mzee ana mguu mbaya. Wiki ya pili ng'ombe akaota pembe moja iliyoinama kushoto. Wiki ya nne akawa mtulivu, mwenye maziwa mengi, na Specioza alipomsimulia alihisi machozi yakimlenga, akashangaa mwenyewe. Mizani ikashuka mpaka mia moja na tatu. Mwezi uliofuata mia kamili. Mwezi wa saba ikasoma tisini na saba, sukari imerudi nyuma hatua mbili kutoka mlangoni, na Tumsifu akamshika mikono yote miwili.

"Bibi, unafanyaje?"

"Natembea na kamba."

Tumsifu akadhani ni mazoezi ya kuruka, akampongeza sana.

Ghati naye aliona. Jumamosi moja alimsimamisha njiani, akamtazama kuanzia juu mpaka chini. "Huzuni ya ng'ombe imekumaliza, lakini naona pumzi unayo. Jumatatu tunaanza. Njoo na jembe lako."

Specioza alirudi nyumbani akiwa anaimba. Hakujua kwamba wakati huo huo Method alikuwa njiani.

Method alikuwa kiongozi wa vijana walinzi wa kijiji, mtu asiyependa kusikia ng'ombe wa mama mtu mzima amelala nje. Aliichukua habari ile moyoni bila kumwambia yeyote. Na Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, akaingia uani kwa Waitara na wenzake watano, miguu yao imejaa vumbi la siku mbili, wakivuta ng'ombe. Mwekundu. Baka jeupe usoni. Pembe moja imeinama kushoto.

"Bibi," Method akasema, "tumempata."

Vigelegele vikapigwa. Uani pakajaa watu. Ghati alikuja mbio, akaanza kumpapasa ng'ombe shingoni kama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Waitara akatoka ndani, akamtazama ng'ombe, akatazama zizi lake, akahesabu kwa kidole.

"Mbona wangu wote wapo?"

Hakuna aliyemsikia. Nyuma ya vijana alikuwa amesimama mtu mmoja, shati limechanika bega, kijana mmoja amemshika mkono. Specioza alimfahamu. Alikuwa Limbu, Msukuma aliyekuja miaka ya nyuma kuchimba dhahabu, akachoka na mashimo, akalima kipande cha ardhi kule ng'ambo ya bonde. Na hapo akaelewa. Kila siku tangu aanze kutembea alikuwa anapita karibu na mji wa Limbu, na mlangoni pake alikuwa anafungwa ng'ombe mmoja. Ng'ombe aliyemsimulia hakumtunga kichwani. Alikuwa anamwona kwa macho.

"Nimewaambia huyu amezaliwa kwangu," Limbu akasema kwa sauti iliyochoka. "Nilikuwa nimempeleka malishoni upande wa Sirari, wakanifuata hadi huko. Wakasema mgeni atatoa wapi ng'ombe wa namna hii."

"Nyamaza wewe," Method akasema. "Alama zote zimelingana. Bibi, sema tu neno moja, tumpeleke kwa wazee."

Watu wote wakamgeukia Specioza. Neno moja tu. Akisema ni wake, kesho ana jembe mkononi na heshima yake kamili. Akisema si wake, atakuwa mwongo mbele ya Nyarero nzima, na Ghati hakuwahi kulima safu moja na mwongo. Alimtazama Limbu. Bega lililochanika lilikuwa linatoka damu kidogo.

"Mwachieni mkono," akasema.

"Bibi?"

"Mwachieni, Method. Huyo ng'ombe ni wake. Mimi sijapotewa na ng'ombe." Akawageukia majirani. "Nilikuwa nakimbia ugali wenu."

Ng'ombe mwenyewe akaona aibu, akalia. Specioza akaeleza yote, mizani, ngumi, viazi vya wakwe, hakubakiza kitu. Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akaziba mdomo. Waitara alikaa kwenye kigoda chake akasema, "Kwa hiyo mguu mbaya ni wangu?"

Method hakucheka. "Siku mbili, bibi. Nimelala porini siku mbili."

"Najua, mwanangu. Nimekosa. Na kwako Limbu nimekosa zaidi, wewe ndiye umeumia." Akamsogelea Limbu, akapiga magoti chini mbele ya watu wote, yeye mtu mzima. Limbu akababaika, akamwinua haraka.

Lakini Ghati alikuwa bado ameshika shingo ya ng'ombe. "Nilituma wanangu wawili wakamtafute," akasema taratibu. "Mwezi mzima. Mimi mwenyewe niliomba kanisani kwa ajili ya ng'ombe huyu. Kwa nini hukuniambia tu kwamba huli?"

"Ningekuambia siyataki maziwa yako, ungelia."

Ghati akafikiri. "Ningelia," akakubali. Halafu akamwachia ng'ombe, akajifuta mikono. "Jumatatu hatuanzii kwangu. Tunaanzia kwa Limbu, shamba lote, fidia. Nyinyi vijana mtaleta majembe pia, mlikimbilia kuamini. Na wewe Specioza utashika safu ya kulia mpaka mwisho. Ukikaa chini hata mara moja, unarudi kwenye mwiko na hutoki tena."

"Shamba la Limbu refu," mmoja akanong'ona.

"Nimesema."

Jumatatu jua lilipotoka walikuwa wamejipanga. Udongo wa ng'ambo ya bonde ni mzito, unashika jembe kama unalidai. Specioza alianza na wenzake. Katikati ya shamba akaachwa hatua tatu, kisha kumi. Mstari ulipinda, na pale ulipopindia alikuwepo yeye. Magoti yalimuuma, jasho likamwingia machoni, lakini pumzi ilikuwa inaingia na kutoka, inaingia na kutoka, kama mtu mwenye kazi yake. Mara mbili alisimama, akaegemea mpini. Hakukaa.

Wenzake wakafika mwisho. Wakageuka kumtazama. Ghati akarudi hatua chache, akainua jembe amlimie kile kipande kilichobaki wakutane katikati, kama ilivyo desturi kwa aliyechelewa.

"Toa jembe lako hapo!" Specioza akafoka kutoka mbali. "Hiyo ni yangu!"

Ghati akalishusha jembe. Wakamsubiri wote, vijana na wanawake, hakuna aliyeimba wala kumcheka, mpaka jembe lake likagonga majani ya mpakani. Specioza akanyooka, mkono mmoja kiunoni.

"Unakaa?" Ghati akauliza.

"Nani anakaa?"

"Basi geuka, mwenzangu. Bado safu nyingine."

Specioza akatemea viganja mate, akageuka.