Punje ya Msasa

Mlango wa mbele ulikuwa bado haujafunguliwa, na kinyozi mkubwa alikuwa ameshakunja mikono ya shati na kuviloweka vinoo viwili kwenye beseni. Kimoja chake, kimoja cha shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kinoo kikitumika hubonyea katikati, na wembe ukinolewa kwenye bonde haushiki makali sawasawa. Kwa hiyo kila asubuhi alivichora mistari ya penseli usoni, akalaza msasa uliolowa juu ya kipande cha kioo, akasugua. Mistari ikifutika yote mpaka pembeni, ujue uso umenyooka. Halafu unasuuza, unasuuza tena, maana punje moja ya msasa ikibaki pale itaung'ata wembe.

Kazi hiyo hakuna aliyemwagiza. Alianza kumfanyia shemeji yake alipokuwa mwanagenzi, akaendelea kwa mazoea, na sasa ilimuuma roho. Wateja walimwita yule kijana Mkono Laini. Waliingia, wakamwamkia mkubwa kwa heshima zote, kisha wakajibana kwenye benchi kumsubiri mdogo ilhali kiti cha mkubwa kiko wazi. Hata nyumbani mkewe hakuishiwa na sifa za mdogo wake, tena wakati wa kula. Mkono laini! Makali yale yanatoka wapi kama si kwenye jiwe, na jiwe limenyooshwa na nani? Alikuwa na wivu, hakuna jina lingine, na alilala nao na kuamka nao.

Jana yake mama mwenye saluni aliwaambia bila kuzunguka mbuyu. "Mwenye nyumba kapandisha kodi. Viti viwili siviwezi tena. Kesho jioni nitasema nani abaki." Wakati wote akisema, hakumtazama mkubwa hata mara moja.

Basi asubuhi hii alikisuuza kinoo chake mpaka maji yakatoka safi. Cha shemeji alikifuta juu juu tu kwa kitambaa. Alipitisha kidole, akasikia chenga, akakiweka mahali pake.

Mkono Laini akaingia akipiga mluzi. "Shikamoo, shemeji. Umeshaviandaa? Wewe mtu wangu bwana, bila wewe mimi ningekuwa wapi?"

"Marahaba. Haya, kazi."

Mteja wa kwanza akawa bwana afya, ambaye ukaguzi wake wa saluni ni kuketi, kunyolewa ndevu, na kuondoka bila kuuliza bei. Mkubwa akawahi kumtandikia taulo kwenye kiti chake. Bwana afya akampita.

"Wewe pumzika, mzee. Namtaka Mkono Laini."

Kama moyo wake ulikuwa umeanza kusita, neno hilo lilimaliza. Akakaa kando, akatazama. Shemeji alinoa, akaupitisha wembe kwenye mkanda wa ngozi, wala hakuyajaribu makali, kwa kuwa kinoo kimetoka mikononi mwa shemeji yake. Povu likapakwa. Mkwaruzo wa kwanza ulisikika mpaka kwenye benchi. Wa pili ukatoa damu chini ya taya.

"Unanyoa au unachinja?" Bwana afya aliruka kitini, nusu ya uso povu tupu. "Vifaa vichafu! Nafunga hapa!"

"Bosi, tusameheane," mama mwenye saluni akasihi. "Miezi yote unayokuja hapa, uchafu ulikuwa wapi?"

"Unanifundisha kazi? Nileteeni ofisini aliyefanya kosa nimfutie kibali, ndipo mfungue. La sivyo, mtakaa hivyo hivyo."

Akawatoa wote nje, akafunga mlango, akatia funguo mfukoni. Watu wa benchi wakavuka barabara kwenda saluni ya pili, naye akawafuata huko huko amaliziwe upande uliobaki.

Wakabaki watatu barazani. Mama mwenye saluni alikuwa akifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mkono Laini akamshika mkubwa mkono, kwa mikono yake yote miwili.

"Nisamehe, shemeji. Umeniandalia kila kitu kama siku zote, na mimi nimekwenda kukuaibisha mbele za watu. Sijui mkono wangu umepatwa na nini."

Mkubwa akautazama uso ule. Haukuwa na hila hata chembe, na akamwonea wivu kwa hilo pia. Maneno ya kusema yalikuwa machache, tena yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Wacha niende ofisini kwake nikajiandikishe mimi kuwa ndiye mkosaji," kijana akasema. "Nina nguvu bado, nitabeba hata mizigo. Nikienda leo, mama, kesho mnafungua. Au unasemaje, shemeji?"

"Wahi," mkubwa akamjibu. "Ofisi zao hufungwa mapema."