Siku Massoudi Alipokataa Kusimama

Mwaka ule wa vikwazo, Burundi ilipofungiwa mipaka na jirani zake, kama kulikuwa na mtu Bujumbura aliyechoshwa na jina lake mwenyewe, basi ni Massoudi wa Bwiza. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye mkia ulioongezwa na watu wa barabarani: Massoudi Rustini. Rustini ni vile viraka vya kuzibia mpira wa tairi, na Massoudi hakuwa fundi hata kidogo, alikuwa muuza sabuni. Ila siku moja pikipiki yake ilimwishia pumzi njiani, akaisukuma peke yake kupita mahali ambapo siku hizo hakuna aliyependa kupita peke yake, na alipofika nyumbani mzima aliapa hatatoka tena bila kopo lake. Ndani ya kopo: viraka, tyubu ya gundi, kipande cha msasa na vijiko viwili vya chuma vya kubandulia tairi. Pampu aliifunga kando ya tangi.

Tatizo ni kwamba kopo likishajulikana, halina mwenyewe tena. Gundi ilikuwa haionekani madukani. Yake ililetwa kwa magendo kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, na aliificha kama dawa. Pikipiki ya mtu ikikata pumzi popote kati ya mitaa ya Bwiza na Mutakura, mwenyewe aliketi pembeni akamsubiri Massoudi kama anayesubiri basi. Na Massoudi alisimama. Alisonya, akalalamika, akawaambia watu wazima na ndevu zao kwamba hawana akili, lakini huku mikono imeshaingia kwenye gurudumu. Kumwacha mtu njiani miaka ile halikuwa jambo dogo. Saa ya kufunga barabara ikifika, askari wa barie, kile kizuizi cha barabarani, hawakuuliza tairi yako imepatwa na nini.

Mkewe, Saliha, alivumilia hayo mwaka mzima na zaidi. Kisha ikaja siku ambayo Massoudi alisimama Ngagara kumzibia tairi mtu asiyemjua, saa ya kutotoka nje ikamkuta hukohuko, akalala kwa watu. Usiku huo risasi zililia Bwiza mpaka alfajiri. Saliha alikuwa chini ya kitanda, peke yake, ameuma ncha ya godoro asije akapiga kelele. Asubuhi Massoudi aliingia na mikono myeusi na, badala ya kuuliza mke wake amelalaje, akaanza kusimulia tairi ile ilivyokuwa mbishi. Saliha alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akakunja nguo zake, akarudi kwa baba yake Mutakura.

Baba yake, Mzee Khaled, alipanga siku ya kikao, na Massoudi alichelewa. Sitawaambia alichelewa kwa sababu gani, mmeshajua. Ikapangwa siku ya pili, na mzee akatuma neno lisilo na sukari: baada ya sala ya adhuhuri, na wamalize kabla ya alasiri ili wageni warudi makwao. Asipotokea, Saliha atakwenda kwa shangazi yake Uvira, na huko asimfuate.

Massoudi alimtafuta msemaji. Alimpata jirani yake, Mzee Cirimwami, fundi cherehani mwenye maneno laini na tumbo lisilofaa kupakiwa kwenye pikipiki. Walikubaliana mzee atangulie kwa basi.

"We Massoudi, ile kopo utaiacha?" Cirimwami aliuliza kabla ya kuondoka. "Niambie kweli, ju mi ndiye nitasema mbele ya wale watu."

"Naiacha, Mzee. Wallahi."

Na aliliacha. Aliliweka mezani, akafunga mlango, akapanda pikipiki, akafika kona. Hapo kona akapunguza mwendo. Aliifikiria barabara ile ndefu mpaka Mutakura, akageuza. Kopo lenyewe alilibakiza mezani, ili kiapo kisivunjike kabisa, akatoa vilivyomo na kuvifutika ndani ya mfuko wa zawadi, chini ya kitenge kipya alichomnunulia Saliha. Akili za namna hiyo mtu huwa nazo akiwa peke yake tu.

Alipoipita Ngagara alimwona Gélase. Gélase alikuwa karani, mtu wa Mutakura, mwenye mguu mmoja mfupi, na si mara ya kwanza kuzibiwa na Massoudi. Alisimama kando ya pikipiki iliyolala chini kwa nyuma, gunia la unga limefungwa juu yake, na alipomtambua anayekuja uso ulimchangamka.

"Massoudi! Alhamdulillah!" aliita, na yeye ni Mkristo wa kupeleka sadaka kila Jumapili. "Mungu amekutuma!"

Massoudi alitia pamba masikioni. Alikaza macho mbele, akakaza na mkono wa mafuta, akampita. Roho ilimuuma. Aliona kwenye kioo mkono wa Gélase ukiwa bado juu, unapunga, kama mtu ambaye hajaamini. "Leo simuoni mtu," Massoudi alijiambia kwa sauti. "Leo nina mke wa kumrudisha."

Hakufika hata kwenye barie ya kuingilia Mutakura. Tairi ya nyuma ilipiga mluzi, pikipiki ikayumba, na alipoteremka alikuta msumari umeingia mpaka kichwani. Massoudi aliutazama ule msumari kwa hasira ambayo hakuwahi kumwonea mtu. Kisha akavua koti, akakunja mikono ya kanzu yake nyeupe, akaumwaga mfuko wa zawadi juu ya majani.

Alibandua tairi upande mmoja, akauvuta mpira nje, akaupampu, akatafuta tundu kwa mate. Akasugua kwa msasa. Akapaka gundi. Na hapo ndipo mtu unapojua gundi ni kitu kisicho na adabu: haijali wakwe, haijali kikao, inataka ikauke kwanza. Aliipuliza. Aliipungia kitenge cha Saliha. Ndipo akasikia nyuma yake hatua moja nzito na moja nyepesi, na gurudumu bovu likikokotwa.

Gélase alisimama akihema. Alitazama viraka. Alitazama tyubu.

"Kumbe uko nayo," alisema.

"Gélase, nisamehe. Wakwe wananingoja. Nikichelewa leo, bibi yangu anakwenda."

"Sijasema kitu. Ziba yako. Halafu unizibie na mi, dakika kidogo tu."

"Hakuna dakika!"

"Massoudi. Mi na huu muguu, na hii gunia? Barie itafungwa, na sitakuwa nimefika."

Wakati wote huo Gélase alikuwa ameshainama, anamshikia gurudumu, kama alivyozoea. Hilo ndilo lililomkera Massoudi kuliko yote. Angetukana, ingekuwa nafuu. Massoudi alibandika kiraka, akarudisha tairi, akapampu mpaka jasho likamwingia machoni, akavikusanya vitu vyake ovyo na kuvisukumiza mfukoni pamoja na kitenge.

"Lete kisu unikate mara moja!" alimfokea mtu asiye na kosa. "Kila siku mi! Kila siku Massoudi! Kwani nyinyi hamuna mikono?"

Akaondoka. 

Adhana ya alasiri ilimpokea Mutakura. Ukumbini kwa Mzee Khaled wazee walikuwa wamemaliza chai, na Mzee Cirimwami alikuwa amemaliza maneno. Alikuwa ameyatumia yote, hata yale ya akiba. Alipomwona Massoudi mlangoni alishusha pumzi.

"Si niliwaambia? Huyu hapa. Na niliwaambia, ile kopo amekwisha kuiacha. Niliapa mbele yenu na ninaapa tena."

Massoudi aliwaamkia wakwe kwa kuinama, akampa mama mkwe wake, Mama Mwavita, ule mfuko kwa mikono miwili. Mikono yenyewe ilikuwa myeusi. Mama Mwavita alitoa kitenge, akataka kukikunjua, na kitenge kikakataa. Kilikuwa kimegandana. Harufu ya gundi ilijaa ukumbi mzima. Alipokivuta kwa nguvu, viraka viwili vilianguka mkekani, na nyuma yao tyubu ya gundi, bapa, tupu, haina kifuniko. Kwa haraka zake Massoudi aliisahau kuifunga, na gundi yote ya Uvira ilikuwa imeingia kwenye zawadi ya mke wake.

Mzee Cirimwami aliinama, akaanza kuchunguza vidole vyake mwenyewe.

"Haya," alisema Mzee Khaled kwa upole unaoumiza. "Leo ulikuwa unamuzibia nani?"

"Yangu, Baba! Leo ni yangu mwenyewe! Msumari uliingia kwa tairi yangu!"

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine akaficha tabasamu ndani ya ndevu. Massoudi aliwatazama na damu ikamchemka. Mwaka mzima amezibia watu, hakuna aliyempa hata heko. Leo amejizibia mwenyewe, hakuna anayemwamini!

"Mnataka shahidi? Shahidi yuko!" Sauti ilimpanda, na mbele ya wakwe sauti haipandi. "Muulizeni Gélase! Nimemukuta ameharibikiwa njiani, ameniita, nimemupita. Amenifuata kwa muguu, ameniomba, nimemukataa. Nimemuacha palepale. Sasa mmeridhika? Nimekuwa mwanaume mzuri?"

 Hata yeye alisikia alichokisema.

Pazia la chumbani lilisogea, Saliha akatoka. Massoudi alikuwa hajamwona kwa muda mrefu, akashusha mikono ya kanzu kama mgeni.

"Gélase gani?" Saliha aliuliza. "Wa muguu?"

"Ndiyo."

"Umemuacha wapi?"

"Upande ule wa barie. Na gunia la unga."

Saliha alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Massoudi akaona kwamba hata hili halikumpendeza, na uchungu wa majuma yote yale ukamtoka mbele za watu.

"Sasa ulikuwa unataka nini, Saliha? Nikisimama, kosa. Nisiposimama, kosa. Niambie basi, mi nifanye nini?"

"Nilitaka unifikirie mi mbele yao," Saliha alisema, na machozi yalikuwa yanamteremka bila yeye kuyajali. "Siku moja tu uulize: Saliha amelala namna gani? Sikusema watu wafie njiani, Massoudi. Wapi nilisema hivyo? Nilikuwa chini ya kitanda nikijua kuwa mutu kubaki peke yake inaogopesha. Mi ninajua kuliko wote hapa."

 Ile asubuhi ilimrudia Massoudi yote, yeye na hadithi yake ya tairi, na aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Ulilala namna gani?" aliuliza. Alikuwa amechelewa sana kuuliza, na alijua.

 Saliha alikwenda mlangoni, akavaa kandambili zake.

"Tunakwenda," alisema.

"Kikao hakijaisha," Mzee Khaled alisema.

"Kikao ni ya kwangu, Baba. Huyu mutu wa njiani ana bibi, na bibi yake anamungoja sasa hivi."

Mzee Khaled alimtazama binti yake, akamtazama mkwewe, akapiga kofi gotini na kumgeukia Cirimwami amwulize kama angependa chai nyingine.  

Walipanda pikipiki, wakavuka barie, wakamkuta Gélase palepale. Alikuwa ameketi juu ya gunia, na alipowaona hakusimama. Massoudi alimwendea.

"Gélase, nimerudi. Lakini gundi imemwagika yote. Sina kitu."

"Umerudi kuniambia kwamba hauna kitu?"

"Ndiyo."

Gélase aliangua kicheko kibaya, cha mtu aliyekuwa karibu kulia. "Vraiment, kwa kweli, Massoudi. Rudi kwako. Barie inafungwa. Peleka bibi yako nyumbani, mi nitaona."

Alichosema kilikuwa na akili. Jua lilikuwa limeshuka, Bwiza ilikuwa upande mmoja na Mutakura upande mwingine, na mtu akivuka barie kumpeleka Gélase hatarudi Bwiza jioni hiyo. Atalala Mutakura. Na Mutakura Massoudi hakuwa na pa kulala ila kwa mkwewe, ambaye yeye Massoudi ametoka kumpandishia sauti mbele ya wazee. Alifikiria uso wa Mzee Khaled wakati wa chakula. Alifikiria mkeka atakaotandikiwa ukumbini kama mtoto aliyefukuzwa shule.

"Saliha," alianza, "sikiliza kidogo..."

Lakini Saliha alikuwa ameshalitwaa gunia kutoka kwa Gélase na kulipandisha kwenye pikipiki ya mume wake, kanga yake imejaa unga. Akamwambia Gélase ashike usukani wa ile mbovu, yeye akaenda nyuma, akavua kandambili, akaweka mikono yote miwili juu ya kiti.

"Bado sijakusamehe," alimwambia Massoudi. "Usifikiri. Maneno yangu iko mengi, na usiku wa leo utayasikia yote, mbele ya baba na mama."

"Mbele ya baba yako?"

"Mbele ya baba yangu. Sasa unatuangalia nini? Sukuma."

Massoudi alishika pikipiki yake na gunia la watu, akasonya, akasukuma.